Mac ya Kaloleni

Kile kistari cheupe kilikuwa kimefika nusu ya kioo cha kompyuta, kikasimama. Juu yake tufaha lililong'atwa lilimulika kwa utulivu, halina haraka na mtu, na mbele yake Mathews Waswa Wepukhulu alikaa ameshika tama. Mkewe Beldina alikuwa ameshafua mashuka, akayasuuza, akayaanika kwenye kamba kati ya nyumba yao na ya jirani hapo Kaloleni, Kisumu. Aliporudi ndani akipangusa mikono alikuta kistari hakijasogea.

"Bado tu?"

"Inakuja."

"Baba Naswa, hiyo kitu ilianza kukuja nikiloweka nguo."

"Mac ni kubwa, Mama Naswa. Lazima ipange vitu zake kwanza."

Beldina alichukua beseni akatoka nalo, na Waswa akashukuru kimoyomoyo kwamba mkewe si mtu wa maswali mengi.

Ukweli wa Mungu, ile haikuwa Mac, ile kompyuta ya bei inayotoka kiwandani na alama ya tufaha. Lilikuwa boksi jeusi alilolijenga kwa mikono yake: madabodi ya mtumba, yaani ubao mkuu wa mashine, diski ya mtumba, hata feni ya mtumba, kisha akaupachika ndani yake mfumo wa Mac kwa kufuata maelekezo ya watu wa mtandaoni. Mafundi wenzake huiita hakintoshi na hawaionei haya, maana kuifanya ikubali kuwaka ni kazi ya akili. Ubaya wa Waswa ni kwamba hakuishia hapo. Alitafuta stika ya tufaha akaibandika kifuani pa boksi, akaandika mlangoni "Studio ya Mac", na watu wa Kaloleni na Manyatta wakamletea video za harusi na nyimbo za kwaya kwa heshima ambayo boksi la kawaida halipewi. Mkewe naye aliamini. Aliitangaza kwa dada zake na kwa kina mama wa kanisa, mpaka kule kwao Nyakach ukitaja mume wa Beldina mtu anaitikia, "Yule jamaa wa Mac."

Sasa Mac ilikuwa na magonjwa mawili. Tangu aipandishe toleo jipya la mfumo, ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe ndipo iwake. Na ikishawaka, ilikuwa bubu. Spika kimya, hedifoni kimya. Wakati mwingine wowote angeitukana kidogo, akaenda zake kunywa chai. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi hiyo ilikuwa ukumbusho wa mama mkwe wake.

Simu ilitetema juu ya meza. Waswa alipoona jina la Mzee Oketch alisimama kwanza, ndipo akaipokea. Hakuwahi kuongea na baba mkwe wake akiwa amekaa, hata kwa simu.

"Wepukhulu."

"Naam, Mzee. Habari ya huko?"

"Sisi tuko. Hema imepatikana. Jenereta, shemeji yako Griffins anakuja nayo kutoka Muhoroni, halafu Ijumaa atapita hapo kwako akubebe na hiyo mashine. Sasa mimi sina maneno mingi. Pasta atahubiri, watu watakula, watasema mazuri ya marehemu. Hiyo yote ni ya watu. Yangu ni moja tu."

"Najua, Mzee."

"Nataka kusikia Rachael."

Waswa alikitazama kistari. Hakikuwa kimesogea.

"Utamsikia, Mzee."

"Hii nyumba imenyamaza mwaka mzima. Huyu mama alikuwa anaimba hata akitafuta chumvi." Mzee alikohoa kidogo, akacheka kwa aibu ya mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia. "Basi, mkwe wangu. Mac haiwezi kutuangusha."

"Haiwezi, Mzee."

* * *

Rachael Aoko, mama mkwe wa Waswa, ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya yao ya Nyakach. Yeye alitupa mstari, kwaya ikaudaka na kuujibu. Watu walikuwa na vipande vyake kwenye simu, lakini humo mlikuwa na kayamba, vigelegele na watoto wanaolia. Sauti yake safi, peke yake, ilikuwa kwa Waswa tu, kwa sababu mwaka mmoja kabla hajafa alikuja Kaloleni na wenzake kurekodi wimbo mmoja mrefu.

Siku ile ilikuwa na mambo. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wakatazamana, kwa Wajaluo na hata kwa Wabukusu alikotoka Waswa. Basi yeye alijifungia chumba cha kulala na mashine yake, akapitisha nyaya chini ya pazia, na upande wa pili wanakwaya wakaimba mmoja mmoja kwenye maiki huku Beldina akipeleka maneno huku na huko: "Anasema urudie mwanzo, Mama." "Mwambie nitarudia nikishakunywa maji." Waswa alimsikia mama mkwe wake kupitia hedifoni karibu zaidi kuliko ilivyopasa mkwe kumsikia, mpaka pumzi, mpaka ulimi ukilowesha midomo, akainamisha kichwa peke yake kule chumbani.

Wimbo ule hakuumaliza. Kulikuja harusi ya mtu wa Milimani, ikaja albamu ya mhubiri mwenye gari, na kazi ya mkwe ni kazi ya nyumbani, itangoja. Mama Rachael aliulizia kupitia kwa binti yake, tena kwa upole, kama anayeulizia hali ya hewa. Waswa akajibu kupitia kwa binti huyo huyo kwamba unapikwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama alianguka shambani siku moja kwa shinikizo la damu, wakamzika, na wimbo bado unapikwa.

Kwa hiyo wiki ile Waswa alifanya kazi kama mtu anayelipa deni la marehemu. Jumatatu alianza na ule uzito wa kuwaka. Alijiambia diski imeshiba. Akayapanga mafaili kwa ukubwa, akayafuta yale manene yasiyojulikana ni ya nani, akamwaga na pipa la takataka, akaiwasha mashine upya akitarajia itaruka kama swala. Ilikuwa nzito kuliko jana.

Akahamia kwenye sauti. Mfumo wa Mac hauijui chipu ya sauti ya madabodi ya mtumba. Lazima utambulishwe kwa namba, na namba ni nyingi, na hakuna anayekuambia ni ipi. Unaingia kwenye faili lililofichwa, unaandika namba, unahifadhi, unazima, unawasha. Tufaha linatokea. Kistari kinakwenda nusu, kinasimama, unangoja, unangoja tena, kinamaliza. Unacheza wimbo wowote. Kimya. Unarudi kwenye faili. Namba nyingine ilifufua maiki ikaua spika. Nyingine ilitoa mlio wa mbu sikio la kushoto. Jumanne ikaisha hivyo, Jumatano nayo.

Nakhungu, jirani yake, alichungulia dirishani Alhamisi akiwa na mswaki mdomoni. "Ndugu, hiyo ni Mac ama ni jiko ya makaa? Naona unaipepea tangu juzi."

"Ni apudeti tu."

"Apudeti. Mimi nilisikianga Mac haiharibikangi."

Waswa alicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Nakhungu alipoondoka akafunga dirisha, joto na lote. Mchana wake alikuja bwana harusi mmoja wa Manyatta, akakaa kwenye kochi akitazama kistari kilichosimama, akanywa chai ya Beldina mpaka ikaisha, kisha akaomba flashi yake yenye picha. "Si ubaya, bro. Kuna msee pale Kondele ananifanyia leo leo." Beldina aliyapokea maneno yote hayo kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine, akaenda kuosha kikombe.

* * *

Ijumaa asubuhi, Beldina akiwa ametoka kwenda kuteka maji, Waswa alijaribu namba ambayo alikuwa ameiruka kwa kuidharau. Kistari kikaenda, kikasimama, kikangoja, kikamaliza. Alibonyeza video ya harusi iliyokuwa karibu, na pale pale spika zikalipuka kwa tarumbeta na wanawake wakishangilia.

Aliruka mpaka kiti kikaanguka. Alipiga makofi, akabusu boksi, akasema "Wele wange", Mungu wangu, kwa lugha ya mama yake, akaketi tena. Kisha akaufungua ule wimbo. Hakuwa ameugusa wiki nzima. Ungemfaa nini kwenye mashine bubu? Kijisanduku kidogo kilitokea kikisema kwamba kuna faili halipatikani. Waswa alikipangusa kama mtu anayefukuza nzi, akaucheza wimbo.

Ikaanza kayamba. Kisha, pale ambapo Mama Rachael alitupa mstari wa kwanza, palikuwa na kayamba tu. Halafu kwaya nzima ikajibu, kwa furaha, kwa sauti nne, ikimjibu mtu ambaye hakuwa amesema kitu.

Waswa alisogeza mbele. Kayamba, halafu jibu. Akasogeza tena. Alitazama orodha ya sauti upande wa kushoto wa kioo: Agneta, Adongo, Besi ya Oyoo, Kayamba. Kila mwimbaji alimwandikia jina lake. Mmoja tu ndiye aliyebaki na jina lililotolewa na mashine, Audio 4, na lilikuwa jekundu, faili lake halipo.

Sasa alikumbuka. Kwao Kimilili alilelewa kwamba mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina, sembuse kuliandika kwenye kioo ambacho kila mteja anakichungulia. Siku ile ya kurekodi aliandika "Ra", akaona haya, akafuta. Audio 4 ingetosha. Yeye angejua ni nani. Alijiona ana adabu. Na Jumatatu, alipokuwa anayafuta manene yasiyojulikana ni ya nani, kila lililokuwa na jina la mtu aliliheshimu.

Alifungua simu akaandika kwenye kundi la mafundi wa hakintoshi: mtu akifuta faili, akamwaga na pipa, anaweza kulirudisha?

Jibu lilitoka kwa mtu asiyemjua, wa Eldoret. "Diski gani? Na umewasha upya mara ngapi tangu ufute?"

"Mara nyingi. Natafuta saundi. Halafu inachelewa sana kuwaka, inasimama katikati."

"Pole kaka. Ikisimama pale katikati ndiyo inafagia nafasi ya vitu ulizofuta. Ndiyo maana inachelewa. Ikishafagia hata FBI hawarudishi."

Waswa aliyasoma maneno hayo akayarudia. Wiki nzima alikuwa amekaa mbele ya kile kistari akikiomba kimalize haraka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, moto kabisa, akatazama mlango utafikiri mama mkwe mwenyewe amesimama pale na leso yake kichwani, akiuliza kwa upole kama umeiva.

Honi ililia nje. Pikapu ya Griffins.

Hakufikiri. Au tuseme alifikiri upesi sana, jinsi mtu mwenye hatia anavyofikiri. Alifungua lile faili lililofichwa, akaifuta ile namba njema, akaandika namba ya jana, ya bubu, akahifadhi. Mashine mbovu haimshitaki mtu. Mashine mbovu ni bahati mbaya.

"Nilidhani nimesikia kwaya," Beldina alisema. Alikuwa mlangoni, dumu la maji mkononi.

"Ilikuwa kwa simu. Klipu ya zamani."

Beldina aliliweka dumu chini taratibu. "Aa," alisema.

* * *

Nyumba ya Mzee Oketch iko mahali ambapo shamba linateremka mpaka ziwani, na mwezi ule magugu-maji yalikuwa yameufunika ukingo mzima, ungedhani ni malisho. Hema lilijaa. Waswa, kama mkwe, alipewa kiti chenye mto, akaletewa kuku wake peke yake, na kila aliyepita alimwinamia kidogo. Mashine iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe kilichofumwa na marehemu, tufaha likiwatazama watu, na watoto wakafukuzwa wasiiguse.

Pasta alipomaliza, Mzee Oketch aliondoa kofia akaishika magotini. "Sasa," alisema.

Waswa aliwasha. Kistari kikaenda nusu, kikasimama. Pasta akaanzisha pambio kujaza nafasi, likaisha, akaanzisha jingine. Griffins, shemeji yake, akatania kwa maiki, "Mnaona, hata Mac ya Kisumu inasikia joto ya Nyakach, yawa," watu wakacheka. Mashine ikawaka. Waswa akabonyeza wimbo. Kimya. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Akainama nyuma ya boksi na kukaa huko akigusa vitu visivyohitaji kuguswa, jasho likimtiririka mgongoni, akisikia viti vya plastiki vikilia watu wakijisogeza. Alipoinuka alikuwa na uso aliokuwa ameufanyia mazoezi njiani.

"Wazee wangu, mama zangu, nawaomba radhi. Saundi imekataa. Mac imeharibika. Nimejaribu wiki nzima."

Hema lilitoa pumzi moja. Mzee Oketch aliinamisha kichwa, akaivaa kofia, akaivua tena. Waswa alijitayarisha kwa hasira, na hasira angeiweza.

"Pole, mkwe wangu," Mzee alisema. "Pole sana. Hata mimi nimesikia umelala kidogo hii wiki. Beldina ameniambia."

Halafu wema ukaanza, na wema haukuwa na breki. Agneta wa kwaya alisimama akasema mtoto wao hawezi kuachwa na mzigo peke yake, sauti ya Mama imo ndani ya hiyo mashine, imefungiwa, ni kazi ya wote kuifungulia. Beseni likaanza kupita. Bibi mmoja alifungua fundo la leso kwa meno. Griffins aliweka noti akampiga Waswa begani, "Omera, ndugu yangu, usijali, tutanunua ingine orijino kabisa." Waswa alitabasamu. Alihisi tabasamu limegandia usoni na halijui namna ya kutoka.

Mzee Oketch akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Beseni ni sawa. Lakini huyu ni mtoto wangu. Wakati alikuja kuchukua Beldina, alileta ng'ombe, na moja ilikuwa nyekundu, mnakumbuka. Ile imezaa. Ndama yake iko hapo nyuma ya nyumba. Wepukhulu, uende nayo. Uza, tengeneza mashine. Mimi ni mzee. Nataka kusikia Rachael kabla sijamfuata."

Hapakuwa na makofi. Wazee walitazamana. Kila mtu pale alijua kwamba ng'ombe wa mahari hawarudi nyuma. Wakirudi kwa mkwe, ndoa imevunjika. Mzee naye alijua kuliko wote, na bado alikuwa amesema mbele za watu, akijivunjia mila yake mwenyewe kwa ajili ya sauti. Mtu alimwita kijana akailete. Ndama alitokea nyuma ya nyumba, mwekundu, akivutwa kamba na hataki.

Beldina alitoka upande wa wanawake. Alipita katikati ya hema bila kumtazama mtu, akasimama mbele ya mumewe, karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo waliokaa mbele waliisikia.

"Klipu za simu zote Mama yuko. Hiyo nilisikia jana asubuhi, hakuwa."

"Mama Naswa…"

"Sijui umefanya nini. Lakini ukishika kamba ya hiyo ng'ombe, Baba Naswa, mimi nabaki hapa kwetu."

Alirudi mahali pake akakaa. Kijana wa ndama alikuwa amenyoosha mkono wenye kamba, anangoja, na Waswa aliutazama mkono ule. Alikuwa na njia bado. Angeweza kusema asante, mila hairuhusu, mpeni Mzee ng'ombe wake, akatoka pale na beseni na heshima juu. Maneno hayo yalikuja mpaka mdomoni. Akayameza.

"Mzee," alisema, na maiki ikapiga mluzi, akaiweka chini akasema bila maiki. "Mzee, saundi iko. Ilipona jana. Mimi ndio nimeizima."

"Umeizima?"

"Nimeizima msijue. Sauti ya Mama haiko. Nilifuta. Mashine ilikuwa inachelewa, nikafuta vitu, na yake haikuwa na jina. Niliona haya kuandika jina yake. Nimefuta na haiwezi kurudi." Alisikia sauti yake ikipanda kama ya mtoto, akashindwa kuishusha. "Na hii si Mac. Nilitengeneza mwenyewe. Hata hiyo alama ni stika."

Mtu nyuma alicheka, cheko fupi la mshangao, akanyamazishwa. Griffins alisema "Yawa!" akakaa chini. Agneta alikuwa amelishika beseni na sasa hakujua aliweke wapi. Waswa alingoja mtu amtukane. Bibi wa leso alinyoosha mkono akachukua sarafu yake kutoka kwenye beseni, polepole, akaifunga tena kwenye fundo.

Mzee Oketch aliipapasa kofia.

"Hao wengine wako?" aliuliza.

"Wako wote, Mzee. Ni yeye tu."

"Washa."

"Mzee, haitakuwa…"

"Washa, Wepukhulu."

Waswa alirudi mezani. Alirudisha ile namba njema, vidole vikikosea mara kwa mara, akazima, akawasha. Tufaha likatokea. Kistari kikaenda nusu kikasimama, na safari hii hakuna aliyeanzisha pambio. Watu wote walikitazama, na Waswa, aliyejua sasa kinafanya kazi gani pale katikati, alitazama chini. Jenereta lilinguruma. Ndama alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya hema anakula majani ya mapambo.

Kayamba ikaanza, safi, kubwa, mpaka ziwani. Halafu kayamba peke yake. Halafu kwaya ikajibu. Agneta alisikia sauti yake mwenyewe ikifurahi namna ile, akafunika mdomo kwa leso. Waswa alipeleka mkono azime.

"Nani amekuambia uzime?"

Akautoa mkono. Mzee Oketch alikuwa ameinamia upande wa spika, sikio mbele, macho ameyafumba. Nafasi ya pili ilipokuja aliinua kidole.

"Hapo ndipo alikuwa?"

"Hapo, Mzee."

Kwaya ikajibu. Wimbo ulikuwa mrefu. Marehemu mwenyewe aliutunga mrefu. Wanawake walikuwa wanalia sasa, Beldina miongoni mwao, na hakuna aliyemtazama Waswa, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Kayamba ikabaki peke yake tena. Kidole kikainuka.

"Na hapo?"

"Na hapo, Mzee."

Alisimama kando ya boksi lake, mikono nyuma kama mwanafunzi, akijibu kila alipoulizwa, na Mzee hakuruka hata nafasi moja.